Ada ya Mtumishi

Mtaani hakuna aliyemwogopa Fundi Makochi. Paka walilala juu ya sponji zake mpya, naye badala ya kuwafukuza alihamia upande wa pili wa fremu, akaendelea kugonga misumari. Alikuwa mtu wa "sawa tu". Mteja akibadili mawazo kuhusu rangi ya kitambaa wakati kochi limeshakamilika, sawa tu. Jirani akiazima ngazi akairudisha haina vidato, sawa tu. Marehemu mkewe alikuwa akimwambia, "Wewe mume wangu, siku moja mtu atakuja kukuomba roho, na utamuuliza umfungie kwenye karatasi au kwenye mfuko." Wakacheka wote wawili. Mke akafa, vicheko vikapungua, lakini "sawa tu" ikabaki pale pale.

Aliachiwa binti mmoja, na binti ndiye aliyekuwa mshonaji wa karakana. Baba anakata, anajaza, anagonga. Binti yuko kwenye cherehani karibu na dirisha, anashona mifuniko ya mito na kuimba nyimbo ambazo nusu ya maneno hayajui. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya karakana, katikati pana mlango usio na ubao, pazia tu. Ungemuuliza Fundi ana mali gani duniani angekuonyesha nyundo, mkasi na yule binti, na nyundo angekuazima.

Kila Jumamosi alasiri kazi ilisimama, watu wanne wakaketi juu ya makochi ya wateja ambayo hayajavalishwa kitambaa. Kulikuwa na Fundi mwenyewe. Kulikuwa na Mwalimu, mama mtu mzima aliyestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha watu. Kulikuwa na Kinyozi wa duka la jirani, ambaye kila wiki alichomwa na springi ile ile na kila wiki akasahau. Na wa nne ni Trei. Huyu alikuwa mhudumu wa hoteli kubwa maisha yake yote, mpaka hoteli ikafungwa. Jina lilimganda kwa sababu ya mwendo: hata mikono ikiwa mitupu, ungeapa amebeba trei iliyojaa glasi. Hakuwa na mke wala mtoto, wala sasa hakuwa na mtu wa kumhudumia.

Kilichowakutanisha ni vitabu. Ni vile vya Kiingereza, vya zamani, vya kuchekesha, vya kijana tajiri asiye na kazi wala akili nyingi, na mtumishi wake wa chumbani mwenye akili za wote wawili. Bwana anajitia matatani, labda kwa shangazi mkali au mchumba asiyemtaka, na mtumishi, bila kupandisha sauti, anamtoa. Fundi alikikuta cha kwanza ndani ya kochi kuukuu la mteja, pamoja na kitana na kijiko. Mwalimu akavitafuta vingine. Yeye ndiye aliyesoma, akigeuza Kiswahili papo hapo, na wenzake wakavunjika mbavu mpaka wapita njia wakachungulia.

Sasa, mpenzi yeyote wa vitabu hivyo anajua mambo mawili. La kwanza, bwana haulizi sana mtumishi ametumia njia gani. La pili, akishaokolewa, bwana huachana na kitu anachokipenda yeye lakini mtumishi hakivumilii: kofia fulani, soksi za rangi ya kelele, vitu kama hivyo. Basi hawa wanne wakajitungia mchezo. Mwenye shida aiseme Jumamosi. Atakayeitatua haulizwi amefanyaje, na shida ikiisha anataja kitu, na mwenye shida anaachana nacho bila kunung'unika. Wakauita ada ya mtumishi. Mchezo wa watu wazima wenye nafasi, jamani, nani angeona ubaya?

Mtatuzi alikuwa Trei daima. Kinyozi alikuwa na shemeji aliyekuja kusalimia akahamia. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe akalilalia. "Niachie," Trei akasema. Wiki haikuisha, shemeji kaondoka, viatu vyake kaviacha. Kinyozi nusura aruke. Ada ikawa shati lake lenye kasuku, alilolivaa kila sikukuu, na siku alipolitoa walicheka mpaka paka wakatawanyika.

Halafu siku moja Kinyozi, Fundi na Trei walikuwa wakitembea pamoja, yule shemeji akatokea mbele yao. Alipomwona Trei alivuka barabara bila kutazama, gari likafunga breki mbele ya magoti yake, na bado hakusimama. Kinyozi alianza kucheka. Alipoona Trei anatazama mbele tu kama mhudumu anayesubiri wageni wa meza yake wamalize kula, kicheko kikamfia mdomoni.

Kisha ikaja zamu ya Mwalimu. Jirani yake alikuwa na mbwa wa kubweka kutwa kucha. Trei akaitatua shida hiyo. Mbwa hakufa wala hakupotea. Alikuwepo pale pale uani, ananenepa, ila habweki tena kwa mtu yeyote, na Trei akipita anageukia ukuta. Ada ikawa miwani ya Mwalimu yenye fremu nyekundu. Mwalimu aliitoa, ndiyo, lakini aliikabidhi kwa mkono wa mbali, kama unavyompa mtu kisu.

Wakati huo huo yule binti akachumbiwa. Mchumba alikuwa fundi umeme, kijana mpole wa kunawa mikono bila kukumbushwa, na alikuwa amepata kazi mji mwingine. Wakioana, watahamia huko. Fundi aliwapa baraka zote. Alipiga kifua, alitania, alianza hata kuwatengenezea kochi la harusi. Lakini akibaki peke yake na cherehani ile kimya, alijikuta akihesabu misumari ile ile mara mbili. Aliogopa, tuseme ukweli. Aliogopa asubuhi za kuamka nyumba ikiwa na kikombe kimoja. Kumwambia mwanawe "naogopa, usiende mbali" hakuweza. Mtu aliyezoea kukubali kila kitu hajui hata kuomba kunaanzia wapi.

Jumamosi moja Mwalimu alifunga kitabu kabla kisa hakijaisha.

"Niwaulize," akasema. "Mmewahi kujiuliza kwa nini huyu bwana haoi?"

"Kwa sababu ana akili," Kinyozi akajibu.

"Acha upuuzi. Kila kitabu anapata mchumba, na kila kitabu mchumba anaondolewa. Anayemwondoa ni nani? Mtumishi. Na kwa nini? Kwa sababu mke akiingia, mtumishi atatoka. Sisi tunacheka, tunasema bwana kaokolewa. Mimi naona bwana amefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa anayempikia chai."

"Lo! Mwalimu kavua miwani nyekundu, kaona mengine," Kinyozi akasema, lakini hakuna aliyecheka sana.

Trei alikuwa akikusanya vikombe. "Mwalimu amekosea kidogo," akasema taratibu. "Mtumishi hamfanyii bwana asichokitaka. Anamfanyia anachokitaka lakini anaona haya kukisema."

"Na nani kamwambia anajua?"

"Ndiyo kazi yenyewe, Mwalimu."

Kinyozi, ili kuleta uchangamfu, akamgeukia Fundi. "Haya, bwana wetu wa hapa! Binti akienda zake, nani atakuchemshia chai? Utakuja kunyonya sponji!"

Fundi akacheka. Akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Ah, laiti huo uchumba ungevunjika tu, abaki hapa kwa baba yake."

Ulikuwa utani. Nusu yake ulikuwa utani.

Trei akasimama na vikombe mkononi. "Hilo ni ombi, bwana?"

"Acheni mzaha wa hivyo," Mwalimu akasema kwa ukali. Nyuma ya pazia binti alikuwa amefungua bomba la maji, hakusikia. Fundi aliwatazama wote, akatamani kusema hapana. Neno hapana lilimfika kooni, likakuta mlango umefungwa tangu alipozaliwa.

"Sawa tu," akasema, na wakacheka, na Trei akaenda kuosha vikombe.

Mchumba aliacha kuja. Kwanza ilisemekana ana kazi nyingi, halafu hakikusemwa kitu. Binti akapiga simu, haikupokelewa. Akavaa gauni lake zuri akaenda kwao. Aliporudi alikaa kwenye cherehani bila kuiendesha.

"Mama yake amefungua mlango nusu," akamwambia baba yake. "Amenitazama kama mgonjwa. Amesema, 'Mungu akusaidie, mwanangu, lakini si kwetu.' Nimemfanyia nini, baba? Niambie, nimemfanyia nini?"

Fundi alimkumbatia. Alijua. Hakujua imefanyikaje, lakini alijua imetoka wapi. Na chini kabisa ya ule uchungu, Mungu amsamehe, kulikuwa na sauti ndogo ikisema: anabaki. Sauti hiyo ndiyo iliyomtia woga kuliko kitu kingine chochote.

Kesho yake alimvizia Trei mlangoni. "Umefanya nini?"

"Bwana haulizi," Trei akasema, na tabasamu dogo la mezani.

"Basi taja ada yako tumalize."

"Bado natafakari, bwana."

Na akaingia ndani na chupa ya chai.

Kuanzia hapo hakungoja Jumamosi. Alikuja asubuhi Fundi akiwa bado anatafuta kandambili zake. Aliipanga misumari kwa ukubwa, akaning'iniza mikasi, akafagia nyuzi kabla hazijagusa sakafu. Kazi ilikuwa safi, huwezi kusema ilikuwa mbaya. Fundi akinyoosha mkono, nyundo ilikuwa tayari ndani yake. Akihisi kiu, kikombe kiko hapo. Ikafika mahali hakujua kama kiu ilianza kabla ya kikombe au kikombe ndicho kilichoileta. Paka wakaacha kuja. Wateja wakipiga hodi, Trei aliwapokea barazani: "Fundi anapumzika. Niachie mimi."

Siku moja Fundi aliingia sebuleni akakuta ukuta una alama ya mraba. Picha ya marehemu mkewe haikuwepo. Aliikuta kwenye droo, imefungwa vizuri kwa kitambaa.

"Ilikuwa inakusanya vumbi, bwana," Trei akasema nyuma yake.

Fundi aliirudisha ukutani. Asubuhi iliyofuata ilikuwa tena kwenye droo. Hakuirudisha mara ya pili.

Binti hakuimba tena. Alishona, alilala, alikula kwa kulazimishwa. Trei alimwita "dada", alimwekea chai na kusimama hadi ainywe. "Shikamoo, ba'mdogo," binti alimsalimu kwa adabu aliyolelewa nayo, lakini akigeuka alijikunyata. "Baba, huyu ba'mdogo hana kwake?" akauliza. "Kwa nini yuko hapa kila saa?" Na baba alijibu nini? Alijibu, "Ananisaidia tu, mwanangu." Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa anakifunga vifungo.

Mwalimu na Kinyozi walizuiliwa mlangoni Jumamosi mbili mfululizo. Fundi anapumzika, waliambiwa. Kinyozi alikubali, akarudi kunyoa watu. Mwalimu hakukubali. Alimvizia Fundi dukani kwa muuza vitambaa, akamshika mkono wa shati.

"Mtoe yule mtu nyumbani kwako."

"Nitamtoa."

"Lini? Na mwanao umemwambia?"

"Nitamwambia nini, Mwalimu? Kwamba nilitania?"

"Mwambie ukweli kabla hajaambiwa na mwingine. Majuto ni mjukuu, Fundi. Na wewe hata huyo mjukuu unaelekea kumkosa."

Fundi alirudi nyumbani amepiga moyo konde. Akakuta Trei amelivalisha lile kochi la harusi kitambaa cha kijivu, cha hoteli, limesimama katikati ya karakana linang'aa kwa usafi. Ilikuwa Jumamosi, alasiri. Vikombe viwili mezani.

"Kaa, bwana," Trei akasema. "Nimeshaamua ada."

Fundi hakukaa. "Kwanza utaniambia ulichofanya."

"Bwana haulizi."

"Nauliza! Mimi nauliza!" Ilikuwa mara ya kwanza kwa kuta zile kusikia sauti yake ikipanda, na yeye mwenyewe ilimshtua.

Trei aliinamisha kichwa, kama mhudumu anayepokea lalamiko kuhusu supu. "Kama ni lazima. Nilikwenda kwa mama yake kijana. Nilimwambia kwa huzuni, kama rafiki wa familia, kwamba marehemu mkeo hakufa kwa homa. Kwamba alikufa kwa wazimu, na wazimu huo ni wa ukoo wao, na miaka ya mwisho ulikuwa ukimfungia chumba cha nyuma. Na kwamba binti ameanza kuongea na ukuta." Akanyoosha kitambaa cha mezani. "Ni hila ile ile ya vitabuni, bwana. Kuwaambia wakwe kwamba mtu ana kichaa. Wewe ndiye uliyekuwa ukicheka kuliko wote."

Kweli, ndiyo hila iliyokuwa ikimtoa machozi kwa kicheko, akijipiga mapaja juu ya springi. Sasa aliyeitwa kichaa ni mkewe. Mkewe, aliyekufa akili timamu, akimwelekeza mpaka dakika ya mwisho mahali chumvi ilipo.

"Na ada?" akauliza, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

"Ni dada, bwana. Haendani na nyumba. Analia, anaacha nyuzi, anauliza maswali. Ana shangazi yake, anaweza kupelekwa huko. Mimi na wewe tutakuwa na utaratibu."

"Ulimvunjia uchumba ili abaki, na sasa unataka aondoke?"

"Ombi ni ombi, bwana, na ada ni ada. Kitu bwana anachokipenda na mtumishi hakivumilii. Ndivyo tulivyokubaliana sote."

"Toka," Fundi akasema. "Toka nyumbani kwangu."

Pazia likasogea. Binti alikuwa amesimama pale, viganja vimebana ukingo wa kitambaa. Alikuwa amesikia kuhusu mama yake; ilionekana kwenye midomo yake, haikuwa na damu.

"Baba," akasema. "Ombi la nani?"

Trei hakusita hata kidogo. Aligeuka, akaweka mkono kifuani. "Langu, dada. Niliona baba yako ana huzuni nikajiamulia mwenyewe. Yeye hajui kitu. Nilaumu mimi." Na akamtazama Fundi kwa upole mkubwa, macho yakisema: nimekutoa, bwana. Kaa kimya tu.

Ee, hapo ndipo penyewe. Akinyamaza, mwanawe atamwangukia kifuani, watamlaani Trei pamoja, binti atabaki. Atabaki na baba aliyemdanganya, na Trei popote atakapokuwa ataujua ukweli, na siku yoyote atakayotaka chochote atakipata. Fundi aliliona hilo lote, wazi. Na bado, wallahi, alitamani kunyamaza.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemwomba. Nilisema kwa utani, na haukuwa utani. Niliogopa kubaki peke yangu."

Binti aliliachia pazia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

"Ungeniomba mimi," akasema. "Baba, ungeniomba mimi tu. Neno moja. Nisingekwenda mji wa mbali, tungepanga hapa hapa mtaani, yeye mwenyewe alishasema anaweza kutafuta kazi nyingine. Nilikuwa nakusubiri uniombe. Kila jioni nilikuwa nakutazama, nasema labda leo."

"Mwanangu..."

"Umemwachia mtu amwite mama kichaa." Sasa machozi yalikuja. Alikwenda sebuleni, wakasikia droo ikifunguliwa. Akarudi na picha kwapani na begi dogo. "Naenda kwa mama wa mchumba wangu kumwambia mama yangu alikuwa nani. Akinisikiliza, vizuri. Asiponisikiliza, nitakuwa kwa shangazi. Usinifuate."

"Utarudi?"

Alisimama kizingitini, akafikiri kweli, kwa sababu hakulelewa kusema uongo. "Sijui, baba," akasema, na akaenda, na wakamwona akipita dirishani mahali alipozoea kukaa, mara hii yuko upande wa nje.

Fundi aliketi juu ya lile kochi la kijivu bila kujua ameketi. Mbele yake chai ilikuwa ikitoa mvuke, na upande wa pili wa meza Trei alikuwa amechukua kiti, taratibu, kama mtu ambaye zamu yake imefika.

"Nilikwambia utoke," Fundi akasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Ndiyo, bwana," Trei akajibu. Akainuka, akaenda mlangoni, akaufunga kwa ndani, akarudi kumuuliza angependa sukari kiasi gani.